Vipepeo Kwenye Friji ya Mama

Jumamosi, 4 Januari

Daftari hili nililinunua la kuandikia mambo ya picha: saa, mwanga, ua gani, kipepeo gani. Lakini kwa kuwa nimehamia kwa Mama kiangazi chote, na jioni huku hakuna la kufanya zaidi ya kumsikiliza akibishana na redio, nitaandika na mengine.

Mambo yalivyo ni hivi. Studio yangu ya picha za pasipoti nimeifunga hadi Machi. Msimu wa joto wateja ni wa kuhesabu, na anayekuja anatoka jasho mpaka picha inakataliwa. Dada yangu ni mwalimu mkuu, na hata nyumbani huongea kama yuko mbele ya mstari wa asubuhi. Amesema zamu ya kukaa na Mama ni yangu. Mama ana ugonjwa wa sukari. Anajichoma sindano mwenyewe asubuhi na jioni bila kukunja uso. Kazi yangu ni kumtolea dawa kwenye friji, kumpima sukari kidoleni, na kuandika namba kwenye karatasi iliyobandikwa jikoni. Muuguzi anayempitia alikuja leo kunielekeza. Alieleza mengi kuhusu dawa hiyo na jinsi ya kuihifadhi. Nilikuwa naitikia "ndiyo, ndiyo" huku nafuta lenzi.

Maana kuna kazi. Mchapaji wa kalenda ametaka vipepeo kumi na wawili, kila mwezi wake, hai, juu ya maua, kabla ya Februari kwisha. Bustani ya Mama imejaa vipepeo. Nani kama mimi!

Jumatatu, 6 Januari

Picha mia mbili na kumi. Nzuri: hakuna. Miaka ishirini nimewaambia watu "tulia, kidevu juu kidogo," na wakatulia. Kipepeo hasikii hayo.

Jumatano, 8 Januari

Leo Mama ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, kwenye kivuli cha ukuta wa nyuma, akanifundisha. Majina ya vitabuni hayajui. Ana ya kwake. Yule mweupe ni Bibi Harusi. Mwenye milia ni Mfungwa. Wa kahawia mwenye madoa kama macho ni Karani, kwa sababu "anapita ua kwa ua kama anaandikisha watu." Na yuko mmoja mkubwa, mweusi, mwenye utepe wa buluu, anayekatiza bustani bila kutua. Huyo anaitwa Hakai.

"Huyo usijisumbue naye," Mama akasema. "Miaka kumi na sita nimemwona akitua mara mbili."

Nikamwambia safari hii atatua, tena mwezi wa Desemba, ukurasa wa mwisho wa kalenda.

"Haya, baba. Umwambie na yeye."

Jumamosi, 11 Januari

Nimekumbuka alichonisimulia fundi mmoja wa kamera: mdudu akipata baridi hulegea. Hafi, hulegea tu. Basi nikamnasa Bibi Harusi kwa wavu, nikamtia kwenye kopo la plastiki lenye matundu, nikaliweka kwenye friji nusu saa. Nikamtoa, nikamketisha juu ya ua. Akatulia dakika nzima na nusu, akatetemeka, akaruka zake. Picha kumi na nne, kali kama wembe!

Mama alikuwa amejilaza. Sikumwambia. Ningeanza vipi?

Jumatatu, 13 Januari

Friji ya Mama ni kongwe na baridi yake ni ya kubembeleza. Karani alitoka mle akiwa mchangamfu kuliko alivyoingia. Ndani kuna kitufe cha kuzungusha, namba moja hadi tano. Kilikuwa kwenye mbili. Nimekiweka tano. Kopo langu nalo lilihitaji nafasi mlangoni, kwa hiyo kiboksi cha dawa ya Mama nimekihamishia rafu ya juu, nyuma kabisa, karibu na barafu. Pale hakimsumbui mtu.

Sasa nitawanasa jioni, watalala humo, na asubuhi mapema mwanga ukiwa laini nitawatoa mmoja mmoja. Raha iliyoje.

Alhamisi, 16 Januari

Mfungwa, safi kabisa. Mama analalamika tango lake limekuwa kama kioo na maziwa yana vipande vya barafu.

"Hii friji imeingiwa na wazimu?"

"Umeme, Mama. Siku hizi una nguvu sana."

Akaguna. Mama hakuwahi kuamini maelezo ya umeme, lakini alirudi kwenye redio yake.

Jumapili, 19 Januari

Nimemwonyesha picha. Nilitegemea sifa. Alivaa miwani, akaiangalia ya Karani kwa muda mrefu.

"Huyu anaumwa."

"Anaumwa wapi? Tazama alivyotulia."

"Ndiyo nasema. Karani hakai hivi. Angalia miguu, hakushika ua, amewekwa. Anaonekana kama mtu aliyenyeshewa."

Nikacheka, nikasema macho ya uzee. Akacheka pia, ila miwani hakuivua mpaka picha zilipokwisha.

Jumanne, 21 Januari

Sukari ya Mama asubuhi: 13. Wiki ya kwanza ilikuwa saba, nane. Anasema ni joto.

Jumatano, 22 Januari

15. Amekunywa jagi zima la maji kabla ya saa nne. Mwekundu-buluu (hili jina nimempa mimi, Mama amelikataa) amekaa vizuri. Vipepeo saba.

Ijumaa, 24 Januari

Dada alikuja leo. Hakukaa. Alisimama mbele ya ile karatasi jikoni akaisoma kama ripoti ya mwanafunzi aliyeshuka.

"Mama, unakula nini?"

"Ninachopewa."

"Namba haziongopi, Mama. Unakula nini kingine?"

Mama akanyanyua macho. Niseme hili kwa asiyemjua: Mama alikuwa mtunza stoo wa shule ya bweni miaka ishirini na minane. Magunia ya sukari yaliingia na kutoka mbele yake, na haikupotea hata kilo moja. Walipomuaga, mkuu wa shule alisema hivyo mbele ya watu mia nne. Ndiyo sifa pekee anayoirudia kila mwaka, na sisi humchokoza kwa hiyo.

"Sijala kitu," akasema.

Dada akanigeukia. "Wewe uko naye kutwa. Umeona nini?"

Sikufikiri. Nikasema juzi nilimkuta na kopo la sukari mkononi, na kijiko.

Mama akaniangalia. Dada akapiga kofi hewani, kama mtu aliyepata jibu la hesabu.

Jumamosi, 25 Januari

18. Vipepeo wanane.

Jumatatu, 27 Januari

Leo nimeogopa sana.

Saa moja asubuhi nilikuwa bustanini nimelala kifudifudi, Bibi Harusi wa manjano mbele ya lenzi, zimebaki sekunde chache aamke. Nikamsikia Mama akiniita kutoka mlangoni, lakini kwa jina la marehemu Baba. Nikasema, "Nakuja." Nikapiga tatu zaidi. Akaniita tena. Nikapiga mbili.

Nilipoinuka alikuwa amekaa chini kwenye ngazi, ndala moja mguuni na nyingine mkononi, anapumua kama aliyepanda mlima. Midomo imekauka. Nilimpima, kifaa hakikutoa namba, kiliandika tu kwamba iko juu kupita kiasi. Nikambeba. Mama yangu ni mwepesi. Sijui lini amekuwa mwepesi hivi.

Hospitali walimtundikia maji, wakampa dawa yao. Kufika jioni alikuwa amenitambua. Akauliza kama nimekula. Dada alifika na nguo zake za kazi, chaki kwenye mkono wa gauni, akakaa upande wa pili wa kitanda, akamshika Mama vidole vya miguu juu ya shuka. Alilia kwa kujificha. Nami nililia. Kisha nikakumbuka zile picha tano nilizopiga nikiitwa, na nikatamani kamera iwe imeanguka.

Sikuzifuta. Ni nzuri.

Alhamisi, 30 Januari

Mama ametoka. Hospitali namba zilishuka zikatulia kwenye saba. Daktari, kijana mwenye adabu, aliuliza swali moja tu wakati anatusainia karatasi: "Hapa kwetu yuko sawa. Nyumbani anakula nini?"

Sote tukamtazama Mama. Naye akatazama mikono yake.

Walitupa kichupa kipya cha dawa. Nimekiweka palepale pa zamani.

Jumapili, 2 Februari

Siku tatu nyumbani, na leo ni 14.

Dada alikuja na sura ya ukaguzi. Alifungua makabati. Akainua godoro. Mwisho akaomba mkoba wa Mama, ule mweusi wa ngozi aliostaafu nao, na kabla Mama hajajibu alikuwa ameshaumimina kitandani: leso, kitambulisho, ua la utepe alilovishwa alipostaafu, miwani iliyovunjika, na makaratasi mawili ya peremende.

"Ni nini hizi?"

"Za zamani. Za safari ya msiba wa mjomba wako."

"Mama."

"Nimesema za zamani."

"Tulikaribia kukuzika, Mama! Wiki iliyopita tu!"

Mama akaanza kurudisha vitu vyake kimoja kimoja, kwa mpangilio. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na nilikubaliana na Dada, niliandike wazi. Nilimwonea Mama huruma, ile ya kumhurumia mtoto mdanganyifu. Hata nilimwambia, kwa sauti ya upole iliyonifurahisha mwenyewe: "Mama, kubali tu yaishe. Hakuna atakayekuchapa."

Sukari, asali na maembe vimefungiwa kabatini. Ufunguo ameondoka nao Dada. Chai yangu nimeinywa bila sukari, na ndipo nikakumbuka jambo. Ile siku nilipomkuta na kopo na kijiko, nilikuwa nimemwomba mwenyewe: "Mama, nitengenezee chai, vijiko viwili." Alikuwa anaitia sukari chai yangu.

Nitamwambia Dada kesho.

Jumatatu, 3 Februari

Sikumwambia. Namba bado ziko juu, kwa hiyo hata kama si siku ile, itakuwa siku nyingine. Ndivyo nilivyojiambia.

Jumatano, 5 Februari

HAKAI! Saa kumi na moja jioni, joto limempiga, ametua kwenye ukuta. Wavu mmoja tu. Yuko kwenye kopo. Vipepeo kumi na wawili, kazi imekwisha!

Alhamisi, 6 Februari

Niandike polepole.

Niliamka kabla ya Mama. Kopo la Hakai lilikuwa mlangoni mwa friji, salama. Nikanyoosha mkono rafu ya juu nichukue dawa kabisa, nisirudi mara mbili. Kiboksi hakikutoka. Kilikuwa kimenata kwenye barafu. Nikakivuta, karatasi ikachanika, nikabaki na kichupa mkononi. Ndani palikuwa peupe. Nikakitikisa, hakikutikisika.

Siku zote nilikuwa nakichukua kikiwa baridi mno, nakiweka dirishani dakika kadhaa, nakifikicha viganjani, nampelekea. Mara moja moja niliona kama vijichembe ndani, nikadhani ndivyo ilivyo. Sasa nikasimama pale, mlango wa friji wazi, na sauti ya muuguzi ikanijia yote, neno kwa neno, kama ilikuwa inangoja: "Ikae mlangoni hapa, isiende nyuma. Dawa hii ikiganda mara moja tu imekufa, hata ikiyeyuka. Unanisikia, kaka?" Nami nilisema ndiyo.

Kwa hiyo Mama alikuwa anajichoma maji. Asubuhi na jioni, kwa uaminifu, bila kukunja uso. Wiki tatu. Hakula kitu. Hakuwahi kula kitu. Mimi ndiye niliyekaribia kumuua, kwa ajili ya vipepeo, halafu nikamwambia akubali tu yaishe.

Sasa nitaandika nilichofanya, maana hiki ndicho sitakisema kwa mtu. Nilirudisha kitufe kwenye mbili. Nilikifunga kichupa kwenye gazeti nikakitupa chini kabisa ya pipa la taka. Kisha nikatoka na kopo, nikamketisha Hakai juu ya ua jekundu, na nikampiga picha. Mwanga ulikuwa mzuri. Nilijiambia ningeenda dukani kwa dawa saa mbili, wanapofungua, kwa hiyo muda upo. Mkono haukutetemeka hata kidogo.

Alikaa dakika mbili akaanguka pembeni. Huyu hakuruka.

Saa mbili na nusu nilirudi na dawa mpya. Mama alishangaa kuchelewa. Nikasema ile ilikuwa imekwisha.

Jumapili, 9 Februari

9. Muuguzi amefurahi.

Jumatatu, 10 Februari

7. Dada alipiga simu na sauti yake ilikuwa ya ushindi mtupu. "Umeona? Wiki moja tu tangu nifungie kabati! Mimi nilisema."

Nilikuwa na sentensi mdomoni, imeiva. Nikasema: "Kweli, Dada."

Alhamisi, 13 Februari

7. Kila namba nzuri ninayoiandika pale jikoni inamtia Mama hatiani. Naiandika kwa mkono wangu, halafu nachora mstari chini yake.

Jumamosi, 15 Februari

Mama alikuwa anapogoa waridi. Bila kugeuka akaniambia:

"Nimefikiri sana. Huenda nilikula."

"Ulikula nini, Mama?"

"Hiyo sukari. Sikumbuki, lakini namba zimeshuka tangu mfungie. Namba haziongopi. Basi nitakuwa nilikula nikasahau. Bibi yenu naye alianza hivyo hivyo, anakula na kusema hajala." Akakata kijiti. "Mwambie dada yako anisamehe. Nilimjibu kwa ukali."

Nikasema, "Usiwaze hayo, Mama." Nikaingia ndani, nikafunga mlango wa choo, nikafungua bomba ili nisisikike.

Nina umri wa miaka hamsini na moja.

Jumanne, 18 Februari

Mchapaji amezipenda. "Wametulia kama wanakujua!" Hakai ameenda Desemba. Nilijaribu kumwambia nilivyowapata, ili angalau nianze kwa mtu mmoja. Akacheka: "Kaka, kalenda inatundikwa ukutani. Nani atauliza kipepeo alikuwa anahisi nini?" Ndivyo toba yangu ya kwanza ilivyopokelewa.

Ijumaa, 21 Februari

Dada ameamua. Mama atahamia kwake Jumamosi ijayo. Nyumba hii itapangishwa. Kule kuna chumba cha nyuma kinachotazama ukuta wa bweni la shule yake, na mtumishi wa kumwangalia kutwa. "Mama anasahau," ameniambia mbele yake, kama vile Mama ni mzigo tunaoujadili uzito. "Leo ni sukari, kesho ni jiko la gesi." Ameshawaarifu ndugu wote ili wasishangae.

Nilimtazama Mama nikingoja agome. Mama niliyemjua angeomba karatasi na muhuri. Alisema tu: "Kama mnaona ndiyo salama."

Jumatatu, 24 Februari

Mama ameanza kujiandikia vikaratasi na kuvibandika. Kwenye jiko: "Zima." Mlangoni: "Ufunguo uko mfukoni." Kwenye kabati lililofungwa, ambalo hata akitaka hawezi kulifungua: "Sukari. Usiguse." Ni mwandiko wake uleule wa leja za stoo, umelala kidogo kulia.

Nimekibandua hicho kimoja. Baada ya saa moja alikuwa amebandika kingine.

Jumatano, 26 Februari

Nilimfuata bustanini nikiwa nimejiandaa. Nikasema, "Mama, kuna jambo." Akageuka na uso wa woga. "Nimefanya nini tena?" Nikasema nilitaka kujua kama anachukua sufuria kubwa.

Nikijiuliza naogopa nini, jibu lenyewe ni dogo la kutia aibu. Naogopa uso wa Dada. Toka utotoni mimi ndiye mwenye kuvunja vikombe, yeye ndiye mwenye kuokota vipande. Mara hii moja tu, machoni pake, si mimi niliyevunja. Kwa hiyo Mama apoteze nyumba na akili zake, ili mimi nisionekane mjinga mbele ya dada yangu. Nimeliandika ili nilione.

Ijumaa, 28 Februari

Masanduku mawili, na ule mkoba. Hivyo tu ndivyo anavyochukua.

Jumamosi, 1 Machi

Dada alifika saa tatu na gari la kukodi. Dereva akafunga godoro juu. Mama alikuwa amevaa viatu vya kufunga kamba, ameketi sebuleni ukingoni mwa kiti kama mgonjwa anayengoja kuitwa. Alininyooshea ufunguo wa nyumba. "Uwe unamwagilia mpaka wapangaji waje," akasema. "Au labda nimeshakuambia?"

"Hujaniambia, Mama."

"Siku hizi sina uhakika."

Hapo ndipo niliposema. Sikuwa jasiri, nilishindwa tu kuendelea. Nikamwambia Dada: "Mama hakula sukari."

"Tumeshamaliza hayo."

"Hakula. Dawa iliganda. Mimi niliigandisha."

Dada akaweka sanduku chini. Nikaeleza yote, friji, kopo, namba tano, rafu ya juu. Nilieleza vibaya, kwa kurudi nyuma na kurukaruka. Akanisikiliza kwa uso ule anaousikilizia wanafunzi, kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Kuanzia lini?"

"Tarehe kumi na tatu Januari."

"Ulijua lini?"

"Tarehe sita Februari."

"Leo ni tarehe ngapi?"

"Moja Machi."

Alihesabu. Niliona midomo ikihesabu. Nilingoja matusi, na ningeyapokea kama maji ya kunywa. Badala yake alikaa juu ya sanduku, pale pale katikati ya njia. "Na mimi nikampekua mkoba," akasema. "Mama yangu. Nikaumimina." Akainama mpaka paji la uso likagusa magoti.

"Ile ya kopo na kijiko," nikaongeza, maana ilikuwa imebaki, "ilikuwa chai yangu."

Mama hakuwa amesogea. Dereva aliingia kuuliza kama kuna mzigo mwingine. Akatutazama, akarudi nje. Baada ya muda Mama akavua viatu, kimoja, kingine, akaviweka sambamba chini ya kiti.

"Mwambieni ashushe godoro," akasema. Kisha akamgeukia Dada. "Uliwaambia nani na nani kwamba naiba sukari?"

"Sikusema kuiba, Mama."

"Nani na nani?"

Dada akawataja: mama mdogo, mjomba, shangazi, binamu wawili, muuguzi, na mpishi mkuu wa zamani wa shule ya bweni, rafiki wa Mama kutoka siku za stoo. Saba. Mama akanisogezea simu yake mezani.

"Wapigie. Weka sauti kubwa nisikie."

Nikapiga. Mama mdogo alilia. Shangazi alisema alijua tangu mwanzo na kwamba aliwahi kusema, ingawa Dada alitikisa kichwa kwamba hakusema. Mjomba alicheka akidhani ni utani, akacheka tena, kisha akauliza, "Mama yako yuko hapo anasikia?" Binamu wa pili aliniuliza kama nimekunywa. "Nilikuambia," muuguzi akasema. "Ndiyo," nikasema, "uliniambia." Mpishi mkuu ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alinisikiliza hadi mwisho. "Yule? Kwa sukari?" akasema. "Yule?" Akakata simu.

Kila simu niliianza upya, tangu kipepeo wa kwanza, maana nilipojaribu kufupisha Mama aligonga meza kwa kidole. Kufika ya saba sauti ilikuwa imenikauka, na fulana imeshika mgongo. Dada alikuwa jikoni anabandua vikaratasi. Nikairudisha simu mbele ya Mama.

"Nimemaliza."

"Bado mmoja."

Nikahesabu tena kwa vidole. "Saba, Mama. Wote."

"Bado mimi," akasema. "Toka asubuhi unawaambia watu habari zangu. Mama hakula, Mama hakuiba. Mimi nimekaa hapa unanipita kama kiti."

Nikashuka chini kwenye sakafu, mbele ya miguu yake, kwa sababu juu ya kiti nisingeweza kumtazama.

"Mama, hukula sukari. Hata punje. Ni mimi niliyeiharibu dawa, nikakuacha ulaumiwe."

"Na kusahau?"

"Hukusahau kitu."

"Sema vizuri."

"Hukusahau kitu, Mama. Akili zako ni nzima. Ulikuwa unasema kweli siku zote."

Midomo yake ilicheza, na nikafikiri atanitukana. "Nilikuwa nimeshaanza kuamini," akasema. "Nilikuwa nalala nikijiuliza nimekula nini." Akafunika uso kwa viganja, akalia kwa sauti, mama yangu ambaye hata kwenye msiba wa Baba hakufanya hivyo. Sikuthubutu kumgusa. Nilikaa pale sakafuni mpaka alipomaliza.